Vichekesho vya Siasa za Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa Mkenya yeyote anayetaka kuandika, kuchora au kutangaza vichekesho kuhusu gavana wake, MCA wake (mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti), chifu wake na habari za nyumbani kwao. Maswali ni yale yale yanayoletwa na kila anayeanza. Msimamo wangu utauona katika karibu kila jibu: kichekesho cha siasa za nyumbani huanzia kwenye karatasi za kaunti, na anayezisoma ndiye anayechekesha.

Kwa nini nihangaike na kaunti wakati vituko vyote viko Nairobi?

Kwa sababu pesa zilikuja nyumbani na vituko vikafuata. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilitupa serikali 47, na tangu uchaguzi wa 4 Machi 2013 kila moja ina gavana, mawaziri, spika, bunge na msafara wake wa magari. Wadi ziko 1,450, na kila moja ina mheshimiwa. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika mwaka wa fedha wa 2023/24 mgao wa kaunti zote ulikuwa Sh385.4 bilioni. Wanaozifuata pesa hizo kwa karibu ni wachache mno. Gazeti kubwa humtuma mwandishi kaunti gavana anapong'olewa, au bungeni viti vinaporushwa. Miezi mingine yote, bajeti inapita kimyakimya.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Anayesoma kichekesho kuhusu Rais anacheka akiwa mbali. Anayesoma kuhusu kalvati iliyoziba karibu na soko lake, kalvati anayoiruka kila asubuhi akiwa na mtoto mgongoni, anacheka huku akijua ni nani alisaini. Kicheko hicho kina anwani. Mheshimiwa naye atakisikia kabla ya jioni, kwa sababu shangazi yake yumo kwenye kundi moja la WhatsApp na wewe.

Nianzie wapi kutafuta cha kuchekesha?

Anza na kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazipa kaunti tarehe, na ukizijua hutakosa cha kuandika mwaka mzima. Kufikia 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unawasilishwa bungeni. Humo zimo ahadi. Kufikia 28 Februari inakuja karatasi ya mkakati wa fedha, ambamo ahadi zinaanza kukonda. Makadirio ya bajeti yanafika kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Juu ya zote kuna mpango wa miaka mitano, ule mnene wenye picha ya gavana akitabasamu kwenye ukurasa wa mbele. Upakue mpango huo siku unapotolewa na uuhifadhi mahali pako mwenyewe.

Baada ya hapo soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Hutoka kila robo mwaka, na zinaeleza kaunti gani ilitumia kiasi gani kwa jambo gani: mishahara, usafiri wa ndani, usafiri wa nje, marupurupu ya vikao vya kamati, madeni ya wakandarasi. Halafu zipo za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambazo huchelewa lakini zina maelezo yasiyopatikana kwingine: jengo lililolipiwa na halijainuka, gari lililonunuliwa na halionekani, dawa zilizoingia stoo kwenye vitabu tu. Wakaguzi hawaandiki ili kuchekesha. Wanaandika kwa utulivu kabisa kwamba walifika eneo la mradi wakakuta nyasi, na sentensi kama hiyo ukiinakili kama ilivyo tayari umefanya nusu ya kazi.

Usiache kuhudhuria. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani, pamoja na vikao vya kamati zake. Una haki ya kuketi pale juu kwenye nafasi ya wageni na kusikiliza, na hotuba zinaandikwa kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge. Nenda pia kwenye vikao vya kukusanya maoni ya umma. Utaona ukumbi uliojaa watu waliosafirishwa, daftari la mahudhurio likizunguka haraka kuliko nakala za bajeti, na mzee mmoja nyuma kabisa ambaye ameuliza swali la maana na kuambiwa muda umekwisha. Mwandike mzee huyo bila kumtaja jina. Yeye ndiye mhusika wako mkuu.

Ukinyimwa karatasi, iombe kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki hiyo ukiwa raia, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, unalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua yako na ukimya wao pia ni habari. Chapisha tarehe ya barua na uhesabu siku hadharani.

Nimesoma bajeti yote na sijaona pa kucheka. Ni tarakimu tupu.

Weka tarakimu mbili pamoja. Moja haichekeshi.

Sheria inasema angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kanuni za mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasipite asilimia 35 ya mapato. Tafuta kaunti yako iko wapi kwenye mistari hiyo miwili, kisha tafuta kiasi kilichotumika kwa safari. Ukikuta kamati ya barabara imesafiri kujifunza huku barabara yenyewe haijaguswa, unayo sentensi: "Barabara yetu bado haijafika sokoni, ila kamati ya barabara imefika Dubai." Hakuna tusi hapo, hakuna chumvi, na kila neno lina karatasi yake. Msomaji anacheka, kisha anauliza ilikuwa pesa ngapi, nawe unamjibu kwenye mstari unaofuata. Mpangilio huo una sababu yake: ukianza na tarakimu utampoteza msomaji mapema, na ukichekesha bila kuleta tarakimu umefanya mchezo.

Njia nyingine ni kuhesabu kilichorudiwa. Kisima kimoja kinaweza kuzinduliwa na MCA, kikazinduliwa tena na gavana, kikaja kuzinduliwa na mbunge kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Kusanya picha za mikasi na utepe, ziweke kwa mpangilio wa tarehe, na uandike chini yake: "Kisima hiki kimezinduliwa mara nyingi kuliko kilivyotoa maji." Kabla ya kuchapisha, nenda ukafungue bomba. Yakitoka maji, huna kichekesho, na ushukuru Mungu kwamba watu wana maji.

Mfano ambao Wakenya wote wanaujua ni wa wilbaro za Bungoma. Mwaka 2015 ilibainika kwamba kaunti ilinunua wilbaro 10 kwa zaidi ya Sh109,000 kila moja. Kulikuwa na sakata za mabilioni wakati huo huo, na watu walizisahau baada ya wiki. Wilbaro hazikusahaulika. Karibu kila mtu nchini amewahi kusukuma wilbaro au kumlipa mtu amsukumie, na bei yake dukani anaijua. Hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza kwamba ameibiwa. Maelezo yaliyotolewa, kwamba zilikuwa za chuma maalumu kisichosababisha saratani, yakawaka kama petroli. Chukua funzo la kazi hapo: katika orodha ndefu ya manunuzi, ruka mitambo na programu za kompyuta, tafuta kitu ambacho mama mboga anakijua bei. Pazia. Kikombe. Sanduku la chaki.

Utani wa namna hii si mambo ya kuiga kutoka ng'ambo?

Hata kidogo. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, na mashairi yake ya siasa yaliwadhihaki wapinzani wa mji wake na kuwatia moyo watu wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, katika ugomvi wao na Sayyid Said wa Zanzibar. Watu waliyahifadhi kwa kichwa. Mji ulichukuliwa na Sayyid Said mwaka 1837 na beti zikabaki. Bara nako, nyimbo za kumkejeli mtu mkubwa aliyejisahau zimeimbwa kwenye sherehe za jamii nyingi, na mwimbaji alilindwa na desturi.

Kilichovunja mwendo huo ni hofu. Kwa miaka mingi chini ya chama kimoja, kumuiga Rais hadharani kulikuwa kujitafutia balaa. Wahome Mutahi, ambaye safu yake ya Whispers ilichekesha taifa kila Jumapili, alifungwa mwaka 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, akatoka na kuendelea kuchekesha hadi alipofariki 2003. Gado, mchoraji aliyezaliwa Dar es Salaam na kujiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, aliwachora marais kwa namna ambayo watoto walizikata picha hizo na kuzibandika ukutani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass, wakamuiga Rais Moi sauti na rungu mchana kweupe, na nchi ikagundua kwamba mbingu hazijaanguka. Mwaka 2009 vikaja vikaragosi vya XYZ kwenye televisheni. Mmoja wa wale watatu, John Kiarie, aliingia bungeni 2017 kama mbunge wa Dagoretti Kusini, kwa hiyo leo yeye mwenyewe ni wa kuchekeshwa kama wengine, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kinachokosekana ni wa kufanya hivyo Wajir, Vihiga, Taita Taveta, Nyamira. Vikundi vya wazungumzaji wa mitaani, kama Bunge la Mwananchi la bustani ya Jeevanjee, vina vichwa vya ajabu. Miji mingi ina kijiwe chake cha aina hiyo chini ya mti au karibu na steji. Nenda ukasikilize. Wanayoyasema saa kumi jioni ni bora kuliko safu nyingi za magazeti, na yanapotea kwa sababu hakuna anayeyaandika.

Sheria inasemaje? Naweza kushtakiwa?

Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wako wa kujieleza, pamoja na ubunifu wa sanaa. Hakilindi uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki wala propaganda ya vita, na kinakutaka uheshimu haki na jina la mwenzako. Mahakama Kuu imefanya kazi kubwa kusafisha vitabu: mwaka 2016 ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kilichotumiwa kuwakamata waandishi wa mitandaoni, na mwaka 2017 ikafuta kosa la jinai la kashfa pamoja na lile la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018 ilileta vifungu kuhusu habari za uongo, na imepingwa mahakamani tangu ilipoanza. Ifuatilie kwa makini.

Kesi ya madai ya kashfa bado ipo, na mheshimiwa mwenye wakili anaweza kukuchosha nayo. Kwa kawaida inapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 12 tangu maneno yatoke. Ngao zako mbili ni ukweli na maoni ya haki kuhusu jambo la umma. Maoni ya haki yanasimama juu ya mambo ya kweli. Ndiyo maana nasisitiza karatasi. "Gavana ni mwizi" ni tuhuma ya jinai unayotakiwa kuithibitisha. "Gavana aliahidi hospitali tatu, tumepata mabango matatu" ni hesabu. Ya pili inachekesha zaidi pia, na hilo halitokani na bahati.

Lakini siwezi kukujibu kwa sheria tu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mitandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya machapisho kuhusu afisa wa juu wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Nchi nzima ililia, na sisi tunaofanya kazi hii tuna deni kwake. Kwa hiyo usifanye kazi hii peke yako. Uwe na watu wawili wanaojua unaandika nini wiki hii. Hifadhi nakala za ushahidi zaidi ya mahali pamoja. Uwe na namba ya wakili kabla hujaihitaji. Yapo mashirika ya haki na ya wanahabari yanayosaidia. Ukiitwa kituoni, usiende bila mtu. Na ikiwa jambo fulani linakutia hofu usiku, subiri, waonyeshe wenzako, mchapishe kwa jina la kundi.

Nani wa kuchekwa na nani wa kuachwa?

Cheka na kiti, na anayekikalia, kwa mambo anayoyafanya akiwa amekikalia. Ndiyo kusema: tenda, hotuba, safari, ahadi, walinzi, msafara, ofisi yenye mazulia. Usiguse mwili wake, kigugumizi chake, umri wake, ndoa yake isipokuwa amempa mkewe tenda, wala watoto wake isipokuwa wameandikwa kazi.

Kabila halina mjadala. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na zilitanguliwa na miezi ya mizaha: kundi fulani wanapenda pesa, kundi fulani hawatahiri, kundi fulani ni wageni hapa. Watu walicheka. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 ilikuja baadaye, na matamshi ya chuki ni kosa chini yake. Hata bila sheria hiyo ningekwambia uache. Kwenye kaunti mambo haya yana sura ndogo zaidi: koo, wadi ya juu na wadi ya chini, wenyeji na waliohamia, wa dini hii na ile. Mwenyeji anazijua nyufa hizo kuliko mtu yeyote kutoka nje, kwa hivyo yeye ndiye mwenye jukumu la kutozipanua. Kipimo changu: mtu wa upande unaochekwa akisoma, anaweza kucheka pia? Mkandarasi mla rushwa hatacheka, sawa. Lakini jirani wa ukoo wake acheke.

Na wananchi je? Tunaposhangilia mfuko wa unga wakati wa kampeni tunastahili kuguswa, ila kwa upole wa mtu anayejua njaa. Anayepokea shilingi 200 kwenye mkutano ana watoto wa kulisha. Anayezigawa ana mamilioni yasiyo na maelezo. Ukimcheka wa kwanza ukamwacha wa pili, umefanya kazi ya kampeni.

Niandike Kiswahili gani? Sanifu, Sheng, au lugha ya nyumbani?

Kile ambacho watu wako wanatumia wakicheka. Mjini Sheng itakubeba. Kijijini lugha ya mama ina maneno ambayo hayana mbadala. Kiswahili sanifu kina kazi moja kubwa: kuvaa sauti ya ofisi. Ukiandika kuhusu choo cha soko kilichofungwa miezi sita kwa mtindo wa taarifa rasmi, itifaki imezingatiwa, ukawatambua mheshimiwa spika, mawaziri, viongozi wa dini na "wageni wote kwa nafasi zenu mbalimbali", kisha ukatangaza kwa unyenyekevu kwamba kufuli limeimarishwa, msomaji ataisikia sauti ya mkurugenzi wa mawasiliano wa kaunti yake neno kwa neno.

Fupisha. Sentensi ya kuchekesha ikifika mwisho, iache. Wengi huharibu kwa kuongeza mstari wa kueleza kwa nini ilikuwa ya kuchekesha.

Siasa zetu hufanyika kwenye mazishi. Naweza kuchekesha kuhusu mazishi?

Kuhusu wanasiasa waliokuja, ndiyo. Kuhusu marehemu na wafiwa, hapana, hata kama marehemu alikuwa mpinzani wa kisiasa. Mheshimiwa anayefika saa nane kwa helikopta, akakatiza mahubiri, akahutubia dakika arobaini kuhusu uchaguzi ujao na kuondoka kabla ya jeneza kushushwa, ameyaleta mwenyewe. Andika kuhusu helikopta na kuhusu saa. Ngoja siku chache ili familia imalize matanga. Jina la familia lisionekane popote. Taja wadi tu, na ikiwa wadi ni ndogo hata hiyo usiitaje.

Watu wanaamini mizaha yangu ni habari za kweli. Nifanyeje?

Hii ni hatari kubwa kuliko ya mahakama, kwa sababu inaua imani ambayo kazi yako inaitegemea. Ukurasa bandia wa mbele wa gazeti, barua bandia yenye nembo ya kaunti, sauti iliyotengenezwa kwa kompyuta: viache vyote, hata kwa mzaha wa wazi. Picha itanakiliwa, maelezo yako yatakatwa, na kesho mtu atafunga safari kwenda kuchukua basari ambayo haipo. Nauli yake ameilipa nani?

Njia salama ni kufanya tukio liwe la kweli na maoni yawe yako. Ukitaka kubuni, buni jambo lisilowezekana kabisa: shimo la barabara likigombea kiti cha MCA, likijinadi kwamba ni mwenyeji, limekuwepo wadini miaka kumi na halijawahi kuhama chama. Hakuna atakayedhani ni habari, na kila mtu atalijua ni shimo lipi.

Ofisi ya gavana imenialika chai. Niende?

Nenda mchana, nenda na mwenzako, lipa chai yako. Bahasha usiiguse, wala nauli, wala "tangazo dogo la kaunti" kwenye ukurasa wako. Wakikupa kazi kwenye kitengo cha mawasiliano na ukaikubali, ni haki yako kula jasho lako, lakini funga ukurasa siku hiyo hiyo na uwaambie wasomaji sababu.

Nimetaja jambo lisilo sahihi. Nirekebishe au nifute?

Rekebisha hadharani, mahali palepale na kwa ukubwa uleule. Usifanye mzaha kwenye marekebisho.

Bora kibonzo au maneno?

Kama unajua kuchora, chora. Kibonzo kinabandikwa kwenye kinyozi na kusomwa na asiyejua kusoma. Tarakimu hata hivyo huhitaji mistari miwili ya maneno chini yake.

Tumecheka miaka mingi na barabara bado mbovu. Faida iko wapi?

Swali hili huulizwa na watu waliochoka, na linastahili jibu la kweli. Kichekesho hakimwagi lami. Sijaona kaunti iliyotengeneza barabara kwa aibu peke yake.

Kinachofanyika ni vitu viwili vidogo. Kwanza, watu wanaosoma kwa ajili ya kucheka wanajikuta wameijua bajeti. Mwendesha boda boda aliyecheka na kamati iliyofika Dubai anakuja kwenye kikao cha maoni ya umma akiuliza usafiri wa nje umetengewa kiasi gani, kwa jina lake la kibajeti, na afisa wa fedha anakohoa. Swali hilo linaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Mwaka unaofuata linaulizwa tena, na mtu mwingine.

La pili ni hofu. Mtu mkubwa anayechekwa anabaki na madaraka yake, ila anapoteza ule uzito unaowafanya watu waliokosewa kunyamaza. Karani aliyekuwa akiogopa anakuletea nakala. Mkandarasi mdogo ambaye hajalipwa miaka minne anapiga simu. Mkiwa na nakala hiyo mkononi mnaweza kwenda kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, kwa Seneti, au mahakamani, na hapo ndipo barabara huanza kuwa na nafasi. Mimi naona hiyo ni faida inayotosha kuamkia.

Wakati wa kampeni nibadilishe chochote?

Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni 10 Agosti 2027. Kuanzia mchujo wa vyama, kila mgombea atatamani kichekesho chako dhidi ya mpinzani wake, na wengine watakuletea karatasi. Pokea karatasi, kagua mwenyewe, na uulize ni nani amefaidika kwa wewe kuipata leo. Wagawie wagombea wote wakuu kicheko. Ukijikuta umeandika mara tatu kuhusu mmoja na hujamgusa mwingine, tafuta faili la huyo mwingine. Wiki ya mwisho kabla ya kura usianzishe jambo jipya ambalo anayetajwa hana muda wa kulijibu, na usicheze kabisa na tarehe, vituo vya kupigia kura au matokeo.

Mheshimiwa akianguka uchaguzi, niendelee naye?

Mwache apumzike. Hana tena pesa zako. Hamia kwa aliyekalia kiti, siku ya kuapishwa, na uanze kuhesabu.

Faili la zamani usilitupe. Hospitali iliyokwama chini ya gavana wa kwanza mara nyingi hubaki imekwama chini ya wa pili, mkandarasi akiwa yule yule na kampuni ikiwa na jina jipya. Gavana mpya atasema alirithi madeni, jambo ambalo huenda ni kweli. Utamwamini pale utakapoweka orodha ya wakandarasi wake kando ya orodha ya zamani na kuona majina yanatofautiana.